Sindano Kabla ya Chakula

Katibu alijua amekwisha pale basi lilipokata kona ya mwisho na macho yake yakaangukia kokoto tupu.

Miaka mitatu nyuma, mahali hapo palikuwa na vibanda kumi na saba vya mabati, vimebanana kama meno, kila kimoja na jiko lake na mpishi anayekuita kwa mwiko. Mashabiki wa timu ngeni walikula pale wakavimbiwa, wakaingia uwanjani wakipiga mbweu. Sasa palikuwa na uzio wa waya na kibao cheupe: MAEGESHO YA WAGENI RASMI. Hata jivu halikubaki.

Kazi yake hasa ilikuwa ufundi wa friji. Ukatibu ulikuwa wa tawi la mashabiki, na katika safari hii ya kuvuka mpaka kuifuata timu ya taifa alikuwa amejitwika jambo moja tu: watu arobaini na wawili watakula wapi kabla ya mechi. Wiki nzima walimuuliza, wiki nzima alijipiga kifua. "Niachieni mimi. Ule uwanja naujua kama mfuko wa suruali yangu." Hakupiga simu hata moja. Apige ya nini, na vibanda aliviona kwa macho yake mwenyewe?

Wengine wote mle ndani walikuwa na njaa tu, na njaa ya nusu siku haijaua mtu. Aliyemtia hofu alikuwa kwenye kiti cha tatu dirishani, skafu ya timu shingoni: baba mkwe wake.

Mzee alikuwa dereva wa treni mstaafu, na kisukari kilikuwa kimemkalia mwaka wa tisa sasa. Alijidunga insulini kabla ya kula, robo saa tu kabla, maana ukishajidunga halafu usile, sukari inashuka mwilini kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Dakika kumi zilizopita alikuwa ameinua sindano na kuuliza, "Mkwe, chakula kipo?"

"Kipo, Baba. Jidunge tu. Tukishuka ni mezani."

Mzee hakuuliza mara ya pili. Miaka thelathini na miwili aliendesha mabehewa kwa neno la watu wa ishara ambao hata sura zao hakuzijua. Akiambiwa njia iko wazi, anaondoa. Akafunua shati, akajidunga tumboni.

"Katibu!" Kipaza akaita kutoka nyuma. Huyu walimwita hivyo kwa sababu alizaliwa bila uwezo wa kunong'ona. "Vibanda vyako vimeenda haja, au?"

Basi zima likacheka. Katibu naye akacheka. "Wamevihamishia ndani ya uzio. Twendeni."

Hakuwa na hakika. Alitumaini tu, akalisema tumaini kama habari.

Kwenye kizuizi cha kwanza walinzi walikuwa wakimwaga kila kitu kinacholiwa au kunywewa ndani ya mapipa. Mzee alikuwa na mfuko mdogo: biskuti na boksi la juisi, akiba yake ya dharura, haachani nayo hata msalani. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Ndani kuna chakula?" Katibu akamuuliza.

"Ndani kuna kila kitu, bosi. Ila ukishapita hapa, kurudi hakuna."

Hapo ndipo angesema: Baba, kula hizo biskuti kwanza. Maneno matano tu. Lakini kusema hivyo ni kukiri mbele ya tawi zima kwamba alimpa mkwewe njia mbovu. Akasema, "Mpe tu, Baba, tunakwenda kula," na mzee akatoa.

Mlinzi hakudanganya. Ndani kulikuwa na kila kitu, ila ndani kwenyewe kulikuwa nyuma ya geti la pili, nalo lilifunguliwa saa nane na nusu. Saa hiyo ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Kati ya kizuizi na geti palikuwa na sakafu ya saruji, jua, na maduka yaliyoteremshwa milango ya chuma.

Watu wakaanza kulalamika, wakajikokota kwenda kutafuta foleni yao upande wa pili. Katibu akabaki na mzee, ambaye hakuweza kwenda mbio, na Kipaza akabaki nao.

"Mkwe," mzee akasema, "hiyo meza iko mbali?"

"Hapo tu, Baba."

Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo, vitone vidogo vidogo.

Wakapita duka la kwanza, la pili, la tano. Kwenye la sita Katibu alisikia kitu anachokijua kuliko sauti ya mkewe: mngurumo wa kompresa. Akatia jicho kwenye nondo za mlango wa duka. Hatua tano mbele yake, friji ya kioo ilikuwa imejaa soda, chupa kwa chupa, zimetoa umande. Akaingiza mkono mpaka bega likagota. Akamwita mlinzi aliyekaa kivulini.

"Ndugu yangu, soda moja tu. Mzee anaishiwa sukari."

"Mwenye duka hajafika."

"Basi daktari!"

"Yuko ndani. Geti saa nane na nusu."

"Atakuwa ameshakufa saa nane na nusu!"

Mlinzi akamtazama jezi, akamtazama uso. "Kila mgeni anakuja na hadithi yake hapa," akasema. "Jana mmoja aliniambia yeye ndiye kipa."

Katibu alipogeuka, mzee alikuwa ameketi chini, na Kipaza amechutama mbele yake, kwa mara ya kwanza hana sauti. Mkononi alikuwa na ubani wa kutafuna. "Ndio pekee nilionao," akanong'ona. "Halafu umeandikwa hauna sukari."

"Nani kaniweka kwenye hii stesheni?" mzee akafoka. Macho yake yalikuwa yanamwangalia Katibu na hayamwoni. "Hii si njia yangu. Toa behewa lako hapa, mbwa wewe!"

Tangu amwoe binti yake, miaka kumi na moja, Katibu hakuwahi kusikia tusi kinywani mwa mzee huyu. Akasimama katikati ya saruji na akili yake ikakataa kwenda. Akajiona anarudi nyumbani na maiti, mkewe amesimama mlangoni, akiuliza jambo moja tu: alikula nini?

Ndipo akasikia kicheko cha wanawake.

Kilitoka chini ya ngazi za jukwaa, kwenye kimlango ambacho angekidhania stoo. Akakimbilia huko, akakisukuma. Wafagiaji wanne walikuwa wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, mifagio imeegemea ukuta, sufuria ya wali na birika la chai katikati yao.

"Hee! Jezi ya adui!" mmoja akapiga kofi. "Kaka, umepotea. Nyie leo mmekuja kula mabao, wali ni wetu."

"Sukari," Katibu akasema. Akapiga magoti bila kujua. "Dada zangu, sukari. Mkwe wangu kajidunga sindano na hajala. Nitakula hayo mabao yote, nipeni sukari."

Kicheko kikakatika. Mmoja wao, mama mnene mwenye kilemba cha bluu, akanyakua kopo. "Mlete huku, kwenye kivuli. Upesi!"

Wakambeba, Katibu mabega na Kipaza miguu, mzee akirusha mateke kama mbuzi wa kuchinjwa. Wakamlaza kwenye maboksi. Katibu akashika kikombe cha chai, na mama wa kilemba akampiga mkono.

"Usimmiminie, utampalia! Mama yangu alikuwa na hali hii hii. Sukari kavu, kwenye ufizi. Msugue."

Mzee alikuwa amefunga meno kama mlango wa benki.

Katibu hakuwahi kumgusa mkwewe zaidi ya kiganja cha salamu. Mzee akiingia sebuleni, yeye husimama. Mzee akikaa kwenye kochi, yeye hutafuta kigoda. Sasa akapanda juu yake. Akakikalia kifua chake, magoti yakibana mikono miwili, akamkamata taya kama anavyokamata bomba lenye kutu, akapenyeza kidole chenye sukari kati ya shavu na meno.

Mzee akamng'ata. Kidole kikatoa damu, sukari ikageuka nyekundu. Katibu hakukitoa. Akasugua huku machozi yanamdondokea mzee usoni, akisema, "Nisamehe, Baba, meza, nisamehe, meza."

Mlinzi akachungulia mlangoni. "Wageni! Mnamnyonga mzee wa watu?"

"Fuata daktari au funga huo mlango," mama wa kilemba akamjibu. Mlinzi akafunga mlango.

Vijiko vitatu. Vinne. Hakuna aliyejua zimepita dakika ngapi. Kwanza taya zikalegea. Kisha mikono ikaacha kushindana, na Katibu akadhani ndiyo basi, amekata roho chini yake. Akamwekea sikio puani. Pumzi ilikuwepo.

Mzee akafumbua macho, akatulia, akatazama kwanza ngazi zilizo juu yake, kisha mwanamume aliyemkalia.

"Mkwe," akasema taratibu. "Unafanya nini juu ya kifua changu?"

Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa Kipaza, na kicheko chake kilikuwa na kwikwi ndani yake. Katibu akashuka, akakaa sakafuni.

Wakamnywesha chai, kisha wakampa wali. Mzee akala kijiko kwa kijiko bila kuinua uso, mpaka sahani ikawa nusu. Nje mageti yakafunguliwa, na miguu ya maelfu ikaanza kupiga ngazi juu ya vichwa vyao.

"Vibanda havikuwepo tangu tulipopita kile kibao," mzee akasema. "Uliona?"

"Niliona, Baba."

"Kabla sijatoa biskuti zangu."

"Kabla."

Mzee akatikisa kichwa, akasukuma sahani mpaka ikagusa goti la Katibu. "Kula. Hujala na wewe."

Katibu akala kijiko kimoja. Kisha akaiweka sahani chini. Akafunga kitambaa kwenye kidole, akatoa simu.

"Baba, nikampigie?"

"Ni mkeo. Mimi sitamwambia, na sitakusaidia kumwambia."

Katibu akatoka nje kwenye jua, dhidi ya mkondo wa watu, akapiga. Ikapokelewa mara moja.

"Mmefika? Baba kala?"

"Kala," akasema. "Yuko salama. Sasa kaa chini, nikwambie nilivyokaribia kumuua."