Taa ya Mara ya Nne

"Mti ni wako, Bi Sanfaa," alisema mkutanoni Shaheem, injinia aliyetoka mji mkuu, Male, na ramani zake. "Paa la nyumba ya jenereta ndilo kubwa kuliko yote hapa. Tukiweka sola pale, dizeli basi. Ila huo mshelisheli unatutilia kivuli."

Kisiwa chenyewe ukikohoa huku unasikika kule. Pengine pa kuweka sola hapakuwapo. Mti aliupanda marehemu Manik, mumewe Sanfaa, fundi wa jenereta, na pale mti ni wa aliyeupanda hata ukiwa kwenye uwanja wa serikali. Bila Sanfaa kuridhia, hakuna shoka.

Wala hakuwa anawaza mti. Jenereta! Zamani umeme uliwashwa magharibi na kuzimwa watu wakikaribia kulala. Manik alipepesa taa mara tatu kuwaonya, mwenye kusuka kamba akusanye, mwenye kula amalize. Halafu ikaja mara ya nne. Miaka nenda rudi watu walilalamika kuwa mashine ina kwikwi. Waliletwa mafundi, wakafungua, wakafunga, wasione kitu. Manik kimya, kama si yeye. Ee Mola, jinsi Sanfaa alivyomtamani mtu yule!

"Kateni," alisema. "Lakini siku ya kuizima mashine, mpepese taa kama zamani. Tatu, halafu ya nne."

"Ile kwikwi?" jirani yake Areefa aliangua kicheko. "Ya nini, shoga?"

Uso ulimwaka Sanfaa. Ana wajukuu, na aibu imemshika kama mwari. "Haikuwa kwikwi. Alikuwa ananiambia anakuja, niteleke chai."



"Kumbe!" Areefa akapiga makofi. "Sisi tunahangaika na mafundi, nyie mnapeana mahaba kwa umeme wetu!"

Watu walicheka mpaka basi. Sanfaa naye alicheka, huku machozi yanamtoka.

Siku ilipofika, mti ulishakatwa, sola ziko juu ya paa na betri zake zimejaa. Jua lilipozama Sanfaa alikaa barazani peke yake. Taa zikapepesa mara tatu, zikatulia. Wamesahau, alijisemea, na moyo ukamwuma. Mara zikapepesa tena, kisha giza.

Aliinuka upesi, akapapasa hadi jikoni. Taa zilipowaka tena kwa sola, bila mngurumo wowote, zilimkuta keshaweka birika motoni na anatafuta kikombe cha Manik.