Nyumba Nzuri Zisizo na Watu

1.

Ujumbe wa sauti. Kutoka: Editha, Dar es Salaam. Kwenda: Leokadia, mpambaji wa nyumba, Bukoba.

"Dada Leokadia, habari za huko. Ni Editha, binti wa Ta Projestus wa Kamachumu. Naomba umpambie mzee sebule kabla ya Krismasi. Vitambaa vya makochi, toa. Maua ya plastiki, toa. Mezani utaweka vitabu, vile vikubwa vya picha, nimevipakia kwenye basi leo, viko vitatu. Halafu kuna albamu. Jalada jeupe, lina msalaba. Hiyo isikae mezani. Itie kabatini, itie chini ya godoro, popote pale dada yangu, ili mradi mgeni akija asi— Ngoja, mtoto analia."

Niliusikiliza ujumbe huo mara tatu. Hakuna mtoto aliyekuwa analia. Editha hana mtoto.

2.

Leokadia ndiye mimi. Ta ni neno letu la heshima kwa mzee, na Ma kwa mama. Wewe unayesoma, sogea, kaa. Nakueleza mapema usije ukaniona mchawi.

Watu wanadhani kupamba ni kuongeza. Kupamba ni kutoa. Naingia kwenye nyumba iliyojaa miaka thelathini ya zawadi za harusi, nasimama mlangoni, nafumba macho, naona chumba kinataka kuwa nini. Halafu natoa. Natoa mpaka chumba kipumue. Wenye nyumba hulia kidogo, kisha hupiga picha wakarusha kwenye status, na mimi nimekwisha kusahauliwa.

Vitabu vya mezani ndio ugonjwa wa siku hizi. Kila mwenye sebule anavitaka. Vinene, vizito, karatasi zake zinateleza, na hakuna anayevisoma. Vinalala mezani kama paka wa tajiri. Mimi sina neno. Kazi ni kazi.

3.

Vilivyotolewa sebuleni kwa Ta Projestus, siku ya ukungu:

vitambaa vya kufuma, kumi na vinne, kazi ya mikono ya marehemu Ma Pelagia

maua ya plastiki, chombo kimoja

kalenda ya mwaka jana, haijafunuliwa tangu Oktoba

kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna

(Ta Projestus kakirudisha)

(nimekitoa)

(kakirudisha)

albamu, moja

4.

Kwetu mgeni hakai mikono mitupu. Kwanza anapewa kahawa za kutafuna. Halafu, wakati mwenyeji anahangaika jikoni na ndizi, mgeni anawekewa albamu magotini. Haombi. Inakuja yenyewe, kama maji ya kunawa. Anafunua: harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, mahafali ya Audax, ng'ombe. Mwisho kabisa, mazishi. Maana hata mazishi tunayapiga picha, kila kundi kwa zamu yake nyuma ya jeneza.

Ma Pelagia, mke wa Ta Projestus, mama yake Editha, alizikwa Oktoba mwaka jana. Picha ya watoto wake iko ukurasa wa mwisho. Mpiga picha aliwapanga kwa kuzaliwa kwao:

Audax        Florida                                Deusdedit

Hakuna aliyesogea kuziba pengo.

5.

Yaliyosikika katika sebule hiyo kwa mwaka mzima, kabla mimi sijafika:

"Huyu Florida, huyu Deus. Na Editha?"

"Labda ndiye aliyekuwa anapiga picha."

"Aliumwa?"

"Yaani mama mzazi azikwe, binti asi—"

"Mwenzangu, funga mdomo, mzee anakuja."

Ta Projestus: "Kuleni kahawa."

6.

Naitwa Editha. Dada Leokadia ameniomba niseme yangu mwenyewe, nami nasema.

Mama na mimi tuligombana kwa ajili ya mwanaume niliyetaka anioe. Mwanaume mwenyewe aliondoka zamani. Ugomvi ukabaki. Miaka mitatu sikufika nyumbani. Mama akipiga, nilikuwa naitazama simu inavyoita mpaka inanyamaza, najiambia, jioni nitampigia. Jioni zilikuwa nyingi sana, nikadhani haziishi.

Alipofariki nilimwandikia kaka Audax kwamba niko nje ya nchi kikazi, ndege hazipatikani. Wakati naandika hayo nilikuwa ndani ya basi. Nimeshapita Dodoma, Singida, Nzega. Basi liliposimama Kahama watu wale, nikashuka, na miguu ikakataa kupanda tena. Niliona begi langu linaenda msibani bila mimi. Nikachukua chumba.

Hilo hakulijua mtu wakati huo. Sasa unajua wewe.

Na sasa nielewe: kila anayeingia kwa baba anapewa pengo langu alishike magotini. Ndiyo maana ya vitabu. Nilitaka meza yenye picha ambazo hakuna mtu ndani yake, ili pasiwe na wa kukosekana.

7.

MAELEKEZO KWA MTEJA KUHUSU UTUNZAJI WA VITABU VYA MEZANI

(a) Vitabu vitabaki vitatu. Cha nyumba za nchi za baridi kitakaa juu, cha maua katikati, cha farasi chini.

(b) Kitabu cha juu kikae upande kidogo, kana kwamba kuna mtu amekiacha sasa hivi.

(c) Vyakula vyenye mafuta, hususan senene wa kukaanga, vitawekwa kwenye meza nyingine.

(d) Vitabu hivi ni vya kutazamwa kwa nje.

(e) Mgeni haruhusiwi

Kalamu iliishia hapo, kwa sababu mgeni alikuwa ameshaingia.

8.

Mgeni ni Ma Paskazia, dada yake Ta Projestus, mwenye miaka sabini na moja na macho mawili yanayotosha kijiji kizima. Alikaa. Akapewa kahawa. Akatazama meza, akaona kitabu kikubwa, akavaa miwani, akajiwekea magotini mwenyewe. Hakukosea kitu. Tangu azaliwe hajawahi kukuta juu ya meza ya mtu kitabu kikubwa cha picha ambacho si cha ukoo wa nyumba ile.

Akafunua.

Chumba cheupe. Kiti kimoja cha ngozi. Moto unawaka ukutani, ndani ya nyumba, na hakuna chungu juu yake. Dirishani, mpaka mwisho wa macho, weupe.

"Kaka," alisema, "hapa ni kwa nani?"

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha vumbi. Nilitaka kusema, Mama, hicho ni cha dukani. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

Ta Projestus alisimama mlangoni mwa jikoni, kisu mkononi, ganda la ndizi linaning'inia. Alikitazama kile chumba kwa muda mrefu.

"Kwa Editha," alisema.

9.

Theluji.

10.

Yaliyosikika, kisimani, sokoni, nje ya kanisa, ndani ya wiki moja:

"Anaishi kwenye nyumba ina moto ukutani."

"Wa kupikia?"

"Wa kutazama."

"Na farasi wote wale ni wake?"

"Wengine ni wa jirani."

"Ndiyo maana hakuja kumzika mama yake. Ningekuwa mimi ningetokaje, na mlango umefunikwa na theluji?"

"Masikini. Na sisi tulivyomsema."

11.

TANGAZO KWA WANAJUMUIYA WOTE

Yah: Kutazama vitabu vya Editha

Kutokana na idadi ya watu wanaofika kwa Ta Projestus, uongozi wa jumuiya ya kanisa unaelekeza kama ifuatavyo. Watu wafike kwa makundi ya wanne wanne, baada ya sala. Wanawe mikono kwanza. Ni marufuku kulamba kidole kabla ya kufunua. Wanaotaka kuuliza maswali kuhusu theluji waulize kwa ufupi, mzee anachoka. Mwanajumuiya aliyesema hadharani maneno mabaya juu ya binti huyo mwaka jana anajijua, na anashauriwa

(sehemu iliyobaki ilichukuliwa na mvua)

12.

Nilikuwa na mapazia ya kumalizia, kwa hiyo nilikuwa narudi kila siku mbili. Huo ndio ukweli wa nusu. Nilikuwa narudi kusikiliza.

Siku za ukungu pale Kamachumu migomba hupotea mmoja mmoja kuanzia wa mbali, mpaka inabaki nyumba peke yake. Wageni wanne kwenye kochi, magoti yamegusana, kitabu kimelalia mapaja ya wawili wa katikati. Ta Projestus amesimama nyuma yao. Haketi anaposimulia.

"Siku ile ilianza kudondoka alfajiri," anasema. "Hapa, mnaona, ndipo aliposimama na begi lake. Alikuwa amevaa tayari. Akafungua mlango huu, akakuta weupe umefika kiunoni. Akaufunga. Akafungua tena baada ya saa moja."

"Mungu wangu. Umefika wapi?"

"Kifuani."

"Mbona ndani hamna watu?" anauliza Ma Paskazia. Yeye huwa hakosi.

"Wamekwenda kumtafutia ndege."

Wote wanaitikia kwa koo, mmm, kama tunavyofanya. Ukurasa unafunuliwa. Chumba kingine, kitanda kimetandikwa, hakina mkunjo. Hapa alilala akilia. Ukurasa. Ngazi za mbao. Hapa alishuka saa nane mchana, wakati tunamshusha mama yake kaburini, akapiga magoti ngazi ya tatu. Kuna mama mmoja aligusa ile ngazi ya tatu kwa kiganja, taratibu, akafuta machozi kwa khanga. Na mimi, niliyevifungua vitabu hivyo kutoka kwenye boksi kwa mikono yangu, niliona baridi ikipanda miguuni, nikatazama nje, na kwa muda mfupi sikujua ule weupe dirishani ni wa kwetu au ni wa—

13.

Walipoondoka nikakaza moyo.

"Mzee," nilisema, "nisamehe. Unajua hivi vitabu ni vya dukani?"

Alicheka. Ana kicheko cha puani.

"Mwanangu Leokadia, nimefundisha jiografia miaka thelathini na miwili. Hiyo nchi naijua, na mji wake mkuu naujua, na mvua yake kwa mwaka nitakutajia ukitaka."

Nilikunja kitambaa changu cha vumbi.

"Mwaka mzima wananiuliza yuko wapi," alisema. "Mtu akikuuliza mtoto wako yuko wapi, unamwonyesha. Huyu yuko shambani, huyu yuko shule. Mimi sikuwa na pa kuwaonyesha. Sasa ninapo."

Akakiweka kitabu mezani, upande kidogo, kama nilivyomfundisha. Niliumia sana siku hiyo, nasema wazi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikampigia Editha.

14.

"Vitabu vyako vinafanya kazi nisiyoipanga. Njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo, Editha. Siyo jambo la simu."

"Baba anaumwa?"

"Baba yako amekujengea nyumba."

15.

Editha tena.

Safari hii miguu haikunikataza, lakini pale stendi ya Kahama sikushuka hata kununua maji. Dereva wa bodaboda aliyenipandisha Kamachumu aliniuliza kama kweli farasi wa Ulaya wanavaa makoti. Nikadhani kanifananisha na mtu. Kufika njia panda, watu ambao mwaka jana wasingeitikia salamu yangu walinishika mikono yote miwili. "Pole na theluji," wakasema. "Pole sana. Tulisikia." Shangazi Paskazia alinikumbatia, akanipapasa vidole kimoja kimoja kuona kama vimepona baridi.

Ningeweza kukaa kimya. Nataka ulijue hilo. Nyumba ilikuwa tayari, ina kuta, ina paa, ina moto unawaka. Nilikuwa nimeshasamehewa. Kilichobaki ni kuingia tu na kufunga mlango.

16.

Ndipo Editha alipoingia sebuleni, mchana, amelowa. Mimi Leokadia nilikuwa juu ya stuli naning'iniza pazia la mwisho. Nilipaswa kutoka. Sikutoka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama." Baba zetu huwaita hivyo mabinti wanaowapenda. "Kaa."

Hakumkalisha kiti cha ndani. Alimkalisha kochi la wageni. Akampa kahawa kiganjani. Kisha akachukua kile kitabu, akamwekea magotini.

"Nionyeshe," alisema. "Watu nimewaambia ni chumba hiki chenye moto. Lakini nahisi nimekosea. Nionyeshe ulikuwa wapi."

Editha akafunua. Chumba. Chumba. Ngazi. Kitanda.

"Hapa?"

"Hapana, Baba."

"Hapa?"

"Hapana."

Walikwenda hivyo mpaka mwisho, nyumba nzuri zote zile, ukurasa kwa ukurasa, na mvua inapiga bati. Karatasi ya mwisho ilikuwa tupu. Editha akakifunga kitabu.

"Hamna humu, Baba. Nilikuwa Kahama."

Mzee alishika ukingo wa meza.

"Sikuwa nje ya nchi. Nilifika Kahama, nikashindwa. Nikachukua chumba."

Ta Projestus alivua miwani. Nilidhani atatoka nje. Alizunguka meza, akakaa pembeni yake kwenye lile kochi, magoti yakagusana, kama wakaavyo watu wawili wenye albamu moja.

"Kahama," alisema. "Chumba chenyewe kikoje?"

"Kidogo."

"Eeh."

"Ukuta wa kijani. Karibu na swichi pana alama za vidole vya watu, wengi. Kitanda cha chuma. Ndoo ya bluu imepasuka ukingo."

"Dirisha?"

"Moja. Linatazama stendi. Kuna mama anachoma mahindi."

"Na wewe?"

Editha alifungua mdomo, pumzi ikaja kwanza.

"Nimekaa kitandani. Sijavua viatu. Nimegeukia ukuta."

Baba yake alikuwa amefumba macho. Kidole chake kilitembea juu ya jalada lililofungwa, polepole, kikashuka, kikaenda kushoto, kikatafuta. Kikasimama.

"Nimekuona," alisema.