Kipande cha Kijani

Kila asubuhi, saa kumi na moja na nusu, mama yangu na mimi tulikuwa na dakika kumi zetu. Yeye ni dereva wa basi la shule, kwa hiyo lazima atoke mapema. Mimi hufungua ofisi ya daktari wa meno saa mbili, sina sababu ya kuamka muda huo, lakini nilikuwa naamka. Namtilia kahawa, anafunga kamba za viatu mguu ukiwa juu ya kiti, tunaongea mambo madogo: mtoto gani katapika ndani ya basi, mgonjwa gani kamuuma daktari kidole. Hakuna mtu mwingine nyumbani aliyekuwa na mama katika dakika hizo.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu mdogo wangu Taleah akashuka ngazi peku, kofia ya kulalia bado kichwani, simu mkononi, akajipenyeza katikati yetu.

"Mama, nimelipata," akasema. "Usiangalie bei kwanza."

Mama akaangalia bei kwanza. Kisha akaangalia gauni. Kisha akasahau kiatu cha pili.

"Hili Bi Odessa analishona," akasema. "Na huu mkia wa nyuma tunaurefusha."

Wakainamia simu, vichwa vimegusana. Kahawa ya mama ikapoa. Sikuipasha moto.

Jioni ile baba aliposikia dola elfu moja na mia mbili aliweka uma chini taratibu. Baba hupakia mizigo uwanja wa ndege, na akichoka huongea polepole kama mtu anayesoma barua.

"Gauni lako la harusi lilikuwa bei gani, Lorraine?"

"Nilikodi."

"Haya sasa."

"Haya sasa ndiyo nini? Nilikodi, nikalirudisha Jumatatu, na doa la mchuzi wa dada yako nikalilipia mimi. Mwanangu hakodi."

"Gari langu la kwanza nililinunua dola mia tisa."

"Na likafia darajani, nikaja kukuchukua na basi."

"Mkia peke yake dola mia tatu," baba akasema. "Anaenda kucheza dansi au kusafisha sakafu?"

Taleah alicheka mpaka akapaliwa. Baba naye akaanza kutabasamu, na nikajua kesi imekwisha. Mtaani kwetu Filadelfia msichana anayemaliza shule haendi tu kwenye dansi. Anaagwa. Linawekwa hema mbele ya nyumba, zulia jekundu linatandikwa kuanzia mlangoni mpaka kwenye gari, majirani na ndugu wanakuja kula samaki wa kukaanga na kupiga picha, na yeye anatoka mara moja tu, wote wakimtazama. Mzazi atabishana bei ya kila kitu duniani, lakini siku ile hataki mtu aseme binti yake alitoka hivihivi.

"Mtazame Corinne," baba akasema akininyooshea uma. "Huyu hakutusumbua. Alisemaje? Dansi ni ya watu wasio na kitabu cha kusoma."

Wote walicheka, kwa upendo kabisa. Mimi pia nilicheka.

Mwaka niliotakiwa kuagwa mimi, baba alikuwa amepasuliwa mgongo. Alilala kwenye kochi la sebuleni miezi mitatu, na mama alikuwa anaendesha basi mchana na kusafisha ofisi jioni. Hakuna aliyenikataza kwenda. Ila siku moja nilimkuta mama jikoni amesimama na karatasi ya shule yenye gharama za dansi, macho yake yanapita juu ya mstari uleule, na nikasema lile neno la kitabu ili asiendelee kusoma. Akaniuliza, "Una uhakika?" Nikasema ninao. Akaiweka karatasi kwenye droo. Usiku wa dansi nilikaa kibarazani na Taleah, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, tukamwona msichana wa nyumba ya mbele akitoka na gauni la rangi ya fedha. Taleah alimpigia makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Nilikuwa nasubiri mama aniulize mara ya pili. Ni miaka sita sasa.

Sikumchukia Taleah. Ningependa lieleweke hilo, ingawa sijui kama ni kweli kwa kila siku ya majira yale. Alikuwa mtoto wa kupendeka, na hilo lilizidi kuniumiza. Kila kitu kilimjia kirahisi, kama mtu anayefunguliwa milango kabla hajainua mkono. Mama alichukua zamu za safari za timu za michezo ili kulipia shanga za gauni. Baba, aliyesema hapana, akaanza kwenda kwa kinyozi kila wiki, eti nywele zizoee. Na dakika zangu kumi zilikwisha. Asubuhi sasa ilikuwa ya shanga, kucha, na gari gani likodiwe.

Nilikuwa nasimama kwenye sinki, nimewapa mgongo, naosha kikombe kilichokwisha takata.

Kijana wa kumpeleka Taleah aliitwa Semaj, analelewa na bibi yake, Bi Earline, mitaa minne kutoka kwetu. Kijana lazima avae rangi ya msichana: tai, kitambaa cha mfukoni, kola ya koti, hata viatu vinatiwa rangi ileile. Watu watasamehe gauni baya. Wawili wasiolingana rangi hawatasamehewa, picha zao zitatembea kwenye simu za watu mwaka mzima. Lakini kijana haruhusiwi kuliona gauni kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo nyumba ya msichana hupeleka kipande cha kitambaa kwa mshonaji wa kijana, kupitia mtu mzima anayeaminika.

"Mpelekee Bi Earline," mama akaniambia akinipa bahasha. "Vimo viwili humo. Kile cha mwanzo Taleah alikighairi. Mpe kile kinachong'aa. Kingine tupa."

Nilivitazama njiani. Vyote kijani. Kimoja kilikuwa kijani cha zumaridi, kikisogea kinawaka. Kingine kilififia, rangi ya zeituni iliyokaa siku nyingi kwenye chumvi. Kosa lisingewezekana. Nalisema hili kwa sababu baadaye nilijaribu kujiambia kwamba liliwezekana.

Bi Earline alinikaribisha jikoni, akanikatia keki ya siagi bila kuniuliza. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho mwezi mmoja nyuma na alikuwa anafurahia kila kitu. Alinionyesha pazia lake la njano kama vile limefika jana.

"Miaka yote nilidhani ni jeupe," akasema. "Na wewe ndiye mkubwa? Mbona sikumbuki ulivyoagwa, mwanangu. Mimi huwa siachi kuja kwenye shughuli ya mtaa huu."

"Sikuagwa, bibi."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Sikutaka."

Akanitazama kwa macho yake mapya. "Hakuna msichana asiyetaka," akasema, akanisogezea sahani.

Alisema kwa wema. Lakini mama yangu, aliyenizaa, alihitaji neno moja tu kuniamini, na mwanamke huyu hakuniamini hata dakika moja. Nilitia mkono kwenye bahasha, nikatoa kile kilichofifia, nikakiweka mezani kando ya keki.

Akakiinua kuelekea dirishani. "Kijani," akasema ameridhika. "Macho yangu hayanidanganyi tena."

Kile kinachong'aa nilikitupa kwenye pipa la taka la kona. Nikafuta mkono kwenye sketi.

Wiki sita ni muda mrefu. Ningeweza kurudi siku yoyote. Nilikuwa nimepanga hata maneno: bibi, samahani, nilichanganya. Mwezi wa tano ulipoanza Bi Earline akapiga simu, mama akaweka sauti ya juu akiwa anapika.

"Koti limetoka, Lorraine. Nililipie teksi nilete ulione?"

"Usijisumbue, bibi. Kipande si unacho? Tunakuamini."

Nilikuwa namenya viazi. Niliendelea kumenya.

Jumatano kabla ya siku yenyewe Taleah alilijaribu gauni mara ya mwisho chumbani kwetu. Mgongoni kulikuwa na vifungo vidogo arobaini na viwili vya kuingiza kwenye vitanzi, na alitaka vifungwe na mimi, si Bi Odessa.

"Wewe una vidole vya upole," akasema. "Halafu, dada, unajua ninaogopa?"

"Unaogopa nini?"

"Kwamba nitatoka na wasipige makofi."

Nilifunga vifungo vyote arobaini na viwili. Kwenye kioo alikuwa mrefu kuliko mimi. Nilijiona nyuma ya bega lake, na fulana yangu ya kazini yenye picha ya jino. Ningeweza kusema pale. Badala yake nilimwambia asimame wima.

Ijumaa hema lilisimama saa tisa. Baba alivaa suti nyeusi na tai ya zumaridi; mama alikuwa amemnunulia. Shangazi Yolanda, dada yake baba, alikaa kiti cha mbele kabisa na sahani ya samaki mapajani, akitoa hukumu kwa kila anayepita.

"Lorraine, hili zulia ni la kwako au umelitoa kanisani?"

"Kula, wifi."

"Nakula. Nauliza huku nakula."

Kisha gari jeupe lenye milango inayofunguka kwenda juu likasimama, na Semaj akatoka.

Koti lake lilikuwa jeupe safi. Tai, kola, kitambaa cha mfukoni na viatu vilikuwa na ile rangi ya zeituni. Kijana mwenyewe alikuwa anatabasamu, ameshika ua. Hakujua. Nilisikia hema zima linanyamaza kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Watu walitazama tai ya baba, wakatazama viatu vya Semaj.

"Huyu kavaa kijani au kavaa tango la siki?" Shangazi Yolanda akasema, na watu wawili watatu wakacheka wakiziba midomo.

Bi Earline alitoka upande wa pili wa gari amevaa kofia yake ya Pasaka. Aliiona tai ya baba. Akamtazama mjukuu wake kuanzia kola mpaka viatu, akarudi kwenye tai. Mama akamshika kiwiko, akamwingiza ndani haraka, mimi nikafuata kwa sababu miguu yangu ilinipeleka.

Sebuleni Bi Earline alikaa ukingoni mwa kochi na kuvua miwani yake ya jua.

"Nilishika kipande mkononi," akasema. "Nilikipeleka kwa mshonaji mimi mwenyewe. Kilikuwa kijani, Lorraine. Au macho haya?" Akayagusa kwa ncha za vidole, kwa woga, kama mtu anayegusa kitu cha kuazima. "Daktari aliniambia yamepona. Sasa nimemwaibisha mtoto wa watu. Nimemwaibisha na mjukuu wangu."

"Si kosa lako, bibi," mama akasema. "Rangi hizi zinafanana."

"Hazifanani," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini mama aligeuka. Juu ya ngazi mbao ililia, na Taleah alikuwa amesimama pale, gauni linawaka mwili mzima, mkia wa shanga umemwagika ngazi tatu nyuma yake. Alikuwa amesikia vicheko vya nje. Uso wake ulikuwa ule wa miaka kumi na mmoja.

"Bi Earline hakukosea," nikasema. "Macho yake ni mazima. Mimi ndiye niliyempa kile kilichofifia. Kile kingine nilikitupa."

"Ulichanganya," mama akasema. Hakuniuliza, alinisaidia, kama nilivyowahi kumsaidia yeye.

"Sikuchanganya."

Nje mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti. Bi Earline alivua kofia yake, akaipakata. Taleah alikaa chini polepole pale pale kwenye ngazi, na shanga zikagongana.

"Mdogo wako alikukosea nini, Corinne?" mama akauliza.

"Hajanikosea."

"Sasa ni nini? Leo, mbele ya watu wote? Wewe hujawahi kunipa shida hata siku moja. Mambo haya hata huyataki. Wewe mwenyewe ulisema huyataki, nikakuuliza una uhakika, ukasema unao."

"Uliniuliza mara moja," nikasema.

Nilimwona mama anaikumbuka karatasi ile, droo, jikoni. Nilimwona pia anakumbuka jinsi alivyoshukuru niliposema sitaki. Baba alikuwa ameingia na kusimama mlangoni na tai yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutazama chini.

"Nilikuwa nataka, Mama," nikasema. "Nilitaka hema. Nilitaka Baba ainuke kwenye lile kochi avae tai. Nilitaka utumie pesa ambazo hatukuwa nazo."