Mwosha wa Kerege

Bi Mwaija alikuwa mwosha maiti wa Kerege. Mwanamke akifariki, yeye ndiye aliyeitwa kwanza, kwa sababu ya mkono wake mpole. Siku alipomwosha mdogo wake, Tabia, mambo yalibadilika. Mlango ulipofungwa na harufu ya kafuri ikajaa chumbani, moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikamkwama. Aliamini anakufa. Akamwacha nduguye mikononi mwa wenzake, akakimbilia uani.

Tangu hapo hali ile ikawa inamjia hata jikoni. Kijijini walisema maiti wamemkamata, na wengine wakasema kwa utani kwamba mwosha naye huoshwa. Wafiwa wakaanza kuita mwosha kutoka Mapinga. Majirani waliozoea kuingia kwake sasa walimsalimia wakiwa njiani. Wanawe walioko Dar walimshauri kwa simu asomewe dua. Alisomewa, akafarijika, lakini hofu haikuondoka.

Hospitalini walimpima moyo wakauona mzima, wakampeleka kwa muuguzi wa afya ya akili aitwaye Teddy. Teddy alimwamkia, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba ule ni ugonjwa wa hofu na una tiba. Vidonge vingechukua wiki kadhaa kumsaidia. Kazi iliyobaki ilikuwa yake mwenyewe: ajifungie chumbani, hofu ikija asiikimbie, aiache itulie.

“Nitapona kabisa, mwanangu?”

“Wengi hupata nafuu kubwa, mama, na wapo wanaopona kabisa. Kwa wengine hurudi. Ikirudi, usidhani tiba imeshindwa. Njoo.”

Hakuwapo wa kumshika mkono. Alikaa kitandani akitokwa jasho, akisikia watoto wa jirani wakicheza nje. Mwanzoni alishindwa na kufungua mlango. Polepole akaanza kuona kwamba hofu hupanda, ikafika mahali, ikashuka. Baada ya miezi akaweza kwenda sokoni, hata msibani.

Masika ya mwaka uliofuata hofu ikarudi. Alilia kutwa nzima, akijiona amepoteza kila kitu. Kesho yake alikwenda kwa Teddy, na safari hii nafuu haikukawia.

Kisha Bi Kuruthumu, jirani yake, akafariki. Mwosha wa Mapinga alikuwa amesafiri. Binti wa marehemu, Sabiha, akaja kusimama mlangoni kwa Mwaija.

“Hatuna mwingine, Bi Mwaija,” alisema akiangalia chini.

Mwaija akaenda. Katikati ya kazi hofu ilimjia. Hakukimbia. Aliendelea kumimina maji taratibu mpaka ikapungua, akamaliza, akamvisha marehemu sanda. Sabiha alimshukuru huku akilia.

Msiba uliofuata waliita tena mwosha wa Mapinga. Mwaija alikwenda kama mwombolezaji, akakaa mkekani na wanawake wengine, akala wali. Hakuna aliyemwuliza anaendeleaje. Jioni akarudi kwake peke yake, akameza kidonge chake, akalala.