Sufuri za Bi Mwanawema

Namba 147 alikuwa bibi yake. Takwimu za utafiti wake zilionyesha mtaa na umri, si majina, lakini Dk. Khairiya Msellem aliujua mtaa ule wa Kengeja, na hapakuwa na mwanamke mwengine wa miaka themanini na moja mtaani hapo. Alama zake za kipimo cha kumbukumbu zilikuwa ishirini na mbili kati ya thelathini. Aliyepata chini ya ishirini na nne alihesabiwa kuwa na dalili za maradhi ya kusahau, na mpaka huo Khairiya aliuweka mwenyewe.

Kati ya wazee 212 waliopimwa Pemba, sitini na mmoja walianguka chini ya mpaka. Namba hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye orodha ya watu watano waliowania tuzo ya watafiti chipukizi wa ubongo. Mshindi angepewa miaka miwili ya kuendeleza utafiti wake. Akikosa, Khairiya angerudi kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza majina ya mifupa. Maelezo ya mwisho yalitakiwa Jumamosi.

Jumapili alikwenda Kengeja kwa ajili ya Maulidi, akabaki. Siku nne alimtazama Bi Mwanawema kama daktari anavyomtazama mgonjwa, akitafuta ufa. Hakuuona. Bibi alijua sahani zake saba alizoazimisha zimo nyumba gani na tangu harusi ya nani. Alhamisi asubuhi, wakimenya muhogo, Khairiya alichoka kubahatisha.

"Bibi, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na sita."

Kisu kilimsimama mkononi. Ilikuwa kumi na nne Novemba.

"Mwezi gani?"

"Mfungo Sita. Maulidi tumesoma Jumapili, ukala pilau sahani mbili, leo hujui mwezi? Basi weye ndo mgonjwa, mke mwenzangu."

Bibi alimwita hivyo tangu Khairiya angali anatambaa, kwa utani wa kugombea mume mmoja, marehemu babu yake.

"Na mwaka?"

"Arubaini na moja. Elfu moja mia nne na arubaini na moja, kama waitaka ndefu."

Khairiya alihesabu kimya. Mfungo Mosi ndio mwezi unaofuata Ramadhani, na wa sita ndio wa Maulidi. Kwa kalenda ya Kiislamu, tarehe sawa, mwezi sawa, mwaka sawa. Alama tatu. Ishirini na mbili kujumlisha tatu ni ishirini na tano.

"Mwalimu Pandu alipokuja na fomu, ulimjibu hivi hivi?"

"Hivi hivi. Akatia sufuri tatu. N'kaziona."

"Mbona hukumwambia?"

"Mgeni anakunywa chai yangu, nimsute? N'kasema labda ndo hisabu zao."

Pandu, mwalimu mstaafu wa Vitongoji aliyekuwa msaidizi wake wa utafiti, alipokea simu mara moja.

"Mwalimu, wazee walikutajia Mfungo?"

"Wengi tu, Daktari. Majibu yote nimeyaandika pembeni."

"Na ukawapa sufuri."

"Mwongozo wasema tarehe ya kalenda ya Kizungu, basi. Mie mwenyewe roho iliniuma."

"Nani kaandika mwongozo huo?"

Pandu alikohoa. "Wewe, Daktari."

Jioni hiyo Pandu alifika Kengeja na makasha mawili ya fomu na kalenda ya msikitini. Walizipitia zote 212, wakilinganisha siku ya mahojiano na jibu la mzee, wakapumzika kwa sala tu. Ijumaa alasiri hesabu ilikwisha. Kati ya wale sitini na mmoja, chini ya mpaka walibaki ishirini na wanne.

Khairiya aliwaandikia waamuzi wa tuzo aya moja. Alisema namba ya kwanza ina makosa, makosa ni yake, na sahihi ni hii. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kutuma kwa muda ambao hakuupima.

"Wakikuona umewapunguzia, watakupa?" aliuliza Bi Mwanawema.

"Sidhani. Waliipenda ile kubwa."

"Wazee thelathini na saba wamepona kwa siku mbili bila dawa. Wataka uganga gani tena?"

Khairiya alicheka, na akiwa bado anacheka akatuma.

Barua ilifika Januari. Waamuzi walimshukuru kwa uaminifu wake, na tuzo wakampa mtu mwengine. Aliisoma akiwa Kengeja, barazani, mara mbili, kisha akaikunja. Bi Mwanawema hakuuliza iliandikwa nini, maana uso wa mjukuu wake aliusoma tangu haujaota nyusi. Alimsogezea kikombe cha chai.

"Kunywa. Haya, leo tarehe ngapi, mke mwenzangu?"

"Ishirini," alisema Khairiya, akili yake ikiwa bado kwenye barua. "Ishirini Januari."

"Sufuri," alisema Bi Mwanawema.