Chumvi ya Kuanua Matanga

Mama alikaa chini akila maharage yasiyo na chumvi, na juu ya kichwa chake, kwenye dari jeusi la moshi, ilining'inia mizigo ya chumvi aliyoibeba mwenyewe kutoka Ivuna. Ndivyo ninavyomkumbuka mwaka ule Baba alipofukiwa na shimo la dhahabu huko Lupa. Alitafuna polepole na hakutazama juu. Mimi nilitazama kwa niaba yake, roho ikaniuma.

Kwa ukoo wa Baba, mjane hakula chumvi wala kuigusa mpaka matanga yaanuliwe. Siku hiyo ndugu hukusanyika, chungu huinjikwa uani, na yule anayeishika nyumba hutia chumvi mbele ya wote. Wakishakula, mambo yamekwisha: nyumba ni yake na mjane ni wake. Labda mwiko huo haukumsumbua mke wa mkulima. Mama alikuwa akishuka na maharage hadi Ivuna na kupanda na chumvi hadi soko la Mpemba, na kwake ilikuwa kufungwa mikono kisha kuambiwa, haya, kula.

Wa kupanga siku alikuwa Baba mdogo Kefa, mdogo wake Baba. Hakuwa mtu mbaya. Alicheka upesi, na Jumapili aliimba kanisani kutushinda sote. Mila ilimjia Jumatatu. Alitaka nyumba yetu, alitaka shamba la bondeni, na alitaka Mama aache kutangatanga njiani kama mwanamke asiye na mwenyewe. Mama alimkatalia. Kefa hakugombana naye, ila siku hakupanga.

"Subira yavuta heri, shemeji," alikuwa akisema, huku ananawa mikono ale ugali wetu.

"Heri ya nani?" Mama alimuuliza mara moja. Kefa akacheka, akamega tonge.

Isiyokuwa na subira ilikuwa mvua. Chumvi ya Ivuna huchemshwa kiangazi. Mvua ikinyesha, udongo wake huzama majini na wachemshaji hurudi mashambani. Mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa Rukwa. Kama Mama asingeshuka kabla ya mvua, mizigo ile ya darini isingetufikisha mbali, tungekaa mwaka mzima bila cha kuuza, na njaa ingempeleka nyumbani kwa Kefa bila Kefa kusema neno. Kefa alilijua hilo. Mama alilijua zaidi.

Asubuhi moja aliinjika chungu kikubwa cha maharage uani, akanituma kuuita ukoo mzima.

"Waambie leo naanua matanga."

Kefa alifika wa kwanza, shati limefuliwa, na mkononi ana kifurushi cha chumvi alichokifunga vizuri kwa jani la mgomba. Alidhani amekubaliwa. Nilimwonea huruma kidogo, sitasema uongo.

"Karibu, shemeji. Kaa," Mama alimwambia. Walipokwisha kukaa wote, akanigeukia mimi. "Loisi. Shusha mzigo mmoja, utie."

Nilikuwa msichana wa kuposwa tayari, nikajua vizuri nilichoambiwa. Shangazi Enesi, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyejibu.

"Mama Loisi, mtoto wa kike hashiki nyumba."

"Wifi, nyumba inashikwa na aliyezaliwa ndani yake. Huyu ndiye aliyeniachia Mungu."

"Na njiani nani atakulinda?" Kefa aliuliza. Safari hii hakucheka.

"Njia ya Ivuna naijua tangu wewe hujaota ndevu, Kefa. Na ndevu hizo zimeota kwa chumvi yangu."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Nikafungua mzigo, nikachota. Sikupima; konzi zima likaingia chunguni, na lililokwisha kuingia halitoki. Sasa ilibaki mtu wa ukoo ale. Asingekula hata mmoja, Mama angekuwa amevunja mwiko bure, na ukoo ungemfukuza jioni hiyo hiyo na kunibakiza mimi. Alisimama mikono kiunoni, kama alivyosimama sokoni mtu akimtajia bei ya kijinga. Nilimpenda mno saa ile, na niliogopa.

Shangazi Enesi aliinuka. Alichota kwa upawa, akapuliza, akaonja. Uso wote ulimkunjamana. Akameza kwa shida, akatutazama mmoja mmoja.

"Imekolea," akasema, akachota tena.

Kesho yake tulikuwa njiani kwenda Ivuna. Mvua ilitukuta tukirudi, tukavua nguo zetu za kujitanda tukafunika mizigo, na Mama akacheka huku maji yanamchuruzika usoni. Hakuolewa tena. Aliuza Mpemba, akauza Tunduma kwa watu wa ng'ambo ya mpaka, na kila aliyenunua, Mama alimwongezea chembe juu ya kipimo. Wale wa ng'ambo waliiita mbasela.

"Mbasela ndiyo inayomrudisha mtu," alinifundisha.

Alipofariki, mimi mwenyewe nikiwa na wajukuu wake mgongoni na mkononi, nilikaa chini nikala maharage yasiyo na chumvi. Hakuna aliyenilazimisha. Shangazi Enesi alikuwa ametangulia, na mkubwa wa ukoo alikuwa Baba mdogo Kefa, anatembelea mkongojo. Siku ya kuanua matanga alikuja na wanawe wa kiume, watu wazima, wakasimama nyuma yake. Chungu kilichemka. Nilijiweka tayari kusema maneno ya Mama, neno kwa neno, kama ingebidi.

Kefa alisogea polepole mpaka nilipokaa. Akatoa kifurushi cha jani la mgomba, akaniwekea kiganjani.

"Tia, mama," akasema. "Ila leo utuonee huruma."

Nikatia kwa kipimo, nikakoroga, nikaonja. Kisha nikaongeza chembe, ile mbasela ya Mama, nikampakulia yeye kwanza.