Mchana Bila Shanga

Fundi cherehani mmoja alikuwa na binti wa pekee, msichana mwenye usonji ambaye mtaa mzima ulimwita Shanga, kwa mkufu aliokuwa akiutomasa kutwa nzima. Shanga hakusema. Kelele zikimzidi, aliziba masikio na kupiga ukelele, na majirani wakafunga madirisha. Kidogo kidogo watu waliacha kubisha hodi. Baba mtu alishaaga siku nyingi kwamba anakwenda kutafuta kazi. Labda bado anaitafuta.

Ndipo kituo cha vijana wenye mahitaji maalumu kikaanzisha huduma mpya: kila Jumamosi mchana walezi wangekaa na vijana ili wazazi nao wavute pumzi.

"Hanywi cha moto," fundi alimwambia mlezi mlangoni. "Na usimshike bega kwa ghafla."

"Umeshaniambia, mama. Nenda kapumzike."

Alipofika barabarani hakujua mikono aiweke wapi. Ilizoea kumshika mtu. Akampigia simu dada yake.

"Dada, leo nina nafasi. Nije?"

"Uko naye?"

"Nimemwacha kituoni. Niko peke yangu."

"Aa, ungesema mapema, mdogo wangu. Hata sipo nyumbani. Siku nyingine, eh?"

Dada alidhani amekata simu. Fundi akasikia sahani zikigongana, vicheko, na sauti ya shangazi yao ikiuliza, "Nani huyo?"

"Wamekosea namba," dada akajibu.

Fundi alibaki na simu sikioni mpaka ikakatika yenyewe. Akaingia mkahawani, akaagiza chai, akaanza kuipuliza. Aliipuliza na kuipuliza.

"Mama, hiyo imeshakuwa maji ya kisima," mhudumu akamtania. "Nikubadilishie?"

Fundi akacheka. Alitamani yule kijana aseme jambo jingine, lolote lile, lakini alikuwa ameshaitwa meza ya pili.

Akarudi kituoni kabla ya wakati, akachungulia dirishani. Shanga alikuwa amekaa mkekani, akitenganisha vifungo vyekundu na vyeupe. Pembeni yake msichana mwingine alifanya vivyo hivyo. Hawakutazamana, ila vifungo vilikuwa vya pamoja. Fundi alifurahi, akasogea pembeni ya dirisha asije akaonekana.

Mlezi akatoka. "Mbona mapema hivi?"

"Sina pa kwenda."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Mlezi alimtazama, kisha akamletea kiti barazani.

"Kaa hapa. Ila ndani huingii. Huu ni muda wake."

Akakaa, mlezi akarudi ndani. Mara akasikia Shanga akicheka, kicheko kirefu cha tumboni. Tangu amzae, hakuna mwingine ila yeye aliyewahi kumchekesha hivyo. Aliinuka nusu, akakaa tena, akalia taratibu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Jumamosi iliyofuata alimpeleka tena. Shanga aliingia bila kugeuka nyuma. Dada hakupigiwa simu. Fundi alishika barabara ya kuelekea mjini, akitembea polepole, akisoma vibao vya maduka kama mgeni, na mtu akimsalimia njiani aliitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.